Sen no Rikyu, Bwana wa Chai

Wengi wetu tukitajiwa chai huwaza sukari kwanza. Nami napenda kuwasimulieni habari za Mjapani aliyepewa heshima kubwa kwa ajili ya chai.

Sen no Rikyu alizaliwa mwaka 1522 katika bandari ya Sakai, mwana wa mfanyabiashara. Tangu ujana wake alijifunza kuandaa chai ya unga iitwayo matcha. Majani yake hutiwa kivulini kabla ya kuchumwa, hukaushwa, kisha husagwa kwa jiwe. Kwa chai nzito huchaguliwa unga bora kabisa, kwani maji ni machache na uchungu hauna pa kujificha. Unga wa kadiri hufaa chai nyepesi.

Katika vyombo pia Rikyu alichagua vilivyo vya kweli: bakuli jeusi la udongo, chombo cha mwanzi, chumba cha mikeka miwili tu. Bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu. Hata hivyo alimpenda, na mwaka 1587 walikaribisha hata maskini kunywa chai huko Kitano, Kyoto.

Lakini mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru ajiue, naye akatii. Wenye elimu wanabishana juu ya sababu hata leo.

Chumba kile cha dhahabu kilipotea. Bali wazao wa Rikyu wangali wakifundisha chai yake Kyoto. Basi, naona mtawala aweza kumwua mtu, asiweze kuua uchaguzi wake mwema.