Mary Muthoni Nyanjiru: Vazi Lililoinuliwa Mbele ya Bunduki

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, inayopita kati ya Chuo Kikuu na Hoteli ya Norfolk, imepewa jina la mwanamume ambaye mnamo tarehe 16 Machi 1922 alikuwa amefungiwa ndani ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hapo. Mwanamke aliyeuawa nje ya kituo hicho akidai aachiliwe alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru. Vitabu vingi vya historia humtaja kwa sentensi moja au mbili tu, na mara nyingi sentensi hizo humfanya kioja: mwanamke aliyejifunua mbele ya umati. Kioja hicho hakieleweki bila ya kujua walichokuwa wakitendewa wanawake na wasichana wa Kikuyu katika miaka mitatu iliyotangulia.

Asili ya Nyanjiru ilikuwa Weithaga, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo na ambayo leo ni Murang'a. Alihamia Nairobi, akaishi huko pamoja na binti yake wa kambo, Elizabeth Waruiru. Nairobi ya siku hizo haikujengwa kwa ajili ya watu kama wao. Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua, tena kibarua mwanamume mwenye kipande shingoni. Mwanamke Mwafrika aliyeishi mjini alitazamwa na wakubwa wa serikali kama mtu aliyepotea njia.

Nje ya mji hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Oktoba 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaagiza maafisa wa serikali na machifu kuwahimiza Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Waraka huo haukuwaacha wanawake na watoto. Wale walioishi karibu na mashamba nao walitakiwa kwenda. Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza, lakini himizo la serikali likishapita mkononi mwa chifu na askari wake huwa amri. Wasichana walitolewa majumbani mwao wakapelekwa kuchuma kahawa. Baadhi yao walinajisiwa, na baadhi wakarudi na mimba. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dkt. Arthur wa misheni ya Kiskoti, waliandika kupinga namna waraka ulivyotungwa, ingawa hawakukataa katakata kanuni yenyewe ya kuwalazimisha watu kufanya kazi.

Malalamiko hayo yalifika Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, ambako machifu wa Kikuyu Association walikutana na maafisa wa serikali tarehe 24 Juni 1921. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina, alikuwa ameanzisha Young Kikuyu Association mapema mwezi huohuo, na punde chama hicho kikageuka kuwa East African Association. Alipinga kipande, kodi iliyopandishwa, na hatua ya waajiri ya kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Pamoja na hayo alipinga waziwazi shokoa ya wanawake na wasichana. Mwezi wa Septemba 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliagiza serikali isiwashurutishe tena watu kuwafanyia kazi waajiri binafsi. Hata hivyo, waliokwisha kudhulumiwa hawakupata mahali pa kushtaki. Yafaa ikumbukwe kwamba katika hati na mikutano hiyo yote waliozungumza walikuwa wanaume. Wasichana wenyewe walitajwa, hawakuulizwa. Kwa wanawake wengi Thuku alikuwa mtu mashuhuri wa kwanza kuitamka aibu yao kama kosa la mwingine, nao wakamwita chifu wao.

Thuku alikamatwa jioni ya tarehe 14 Machi 1922. Kesho yake wafanyakazi waligoma na watu wakaanza kukusanyika mbele ya kituo cha polisi. Kufikia tarehe 16 umati ulihesabiwa kwa maelfu, wakiwemo wanawake wapatao mia moja na hamsini. Ujumbe wa watu sita ulikwenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni. Uliporudi ulikuja na ahadi kwamba Thuku angetendewa haki, na ombi kwamba watu watawanyike. Wanaume wengi walianza kuondoka.

Hapo ndipo Nyanjiru aliposimama. Kwa mujibu wa kumbukumbu ya Job Muchuchu, mmoja wa waliokuwa katika chama cha Thuku, aliinua vazi lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walitwae, nao wampe suruali zao, kwa kuwa wameshindwa kufanya kazi ya wanaume. Kwa mila za Kikuyu, mwanamke mzima kujifunua hivyo makusudi ni laana nzito, na anayelaaniwa hana la kujibu. Wanaohadithia tukio hili kana kwamba mwanamke huyu alipandwa na jazba tu wanakosea. Alitumia silaha iliyokuwapo kabla ya ukoloni, tena aliitumia katika nchi ambamo kwa miaka mitatu miili ya wanawake ilikuwa imefanywa mali ya shamba.

Wanawake walimjibu kwa vigelegele. Umati uligeuka ukasonga mbele hadi karibu na mitutu ya bunduki, na polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Walioshuhudia walisema pia kwamba walowezi waliokuwa katika baraza ya Norfolk walifyatua zao. Serikali ilitangaza vifo 21, vinne vikiwa vya wanawake; hesabu za Waafrika zilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa.

Wanawake walimhifadhi Nyanjiru kwa wimbo ulioitwa Kanyegenuri, ambao serikali iliupiga marufuku. Vyama vya siasa havikuwa na haraka ya kuwapa nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 baadhi ya wanawake waliochoka kunyimwa uanachama katika Kikuyu Central Association waliunda chama chao, Mumbi Central Association.

Mwezi wa Machi 1992, mwendo mfupi tu kutoka mahali alipofia Nyanjiru, polisi waliwavamia akina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Akina mama wazee walivua nguo mbele ya polisi. Shokoa ilikuwa imekwisha zamani, lakini kosa la kunajisi liliendelea kushughulikiwa kwa sheria ya kikoloni hadi mwaka 2006, Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kijinsia iliyowasilishwa na Njoki Ndung'u. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kilimtishia mlalamishi: shtaka lake likionekana kuwa la uongo, angepewa adhabu ileile ya kosa alilolalamikia. Watetezi wa manusura walikipinga kifungu hicho tangu mwanzo, nacho kikafutwa mwaka 2012.