Maharage ya Jean Vigo

Rafiki yangu wa hosteli aliniwekea filamu kwenye flashi: ya Kifaransa, ya mwaka 1933, haifiki hata saa nzima. Inaitwa Zéro de conduite, yaani sifuri ya mwenendo. Sauti yake mbovu, maana enzi hizo sinema ndiyo kwanza zimeanza kusema. Nikaiwasha nicheke kidogo, kisha nilale. Wapi!

Ni vichekesho vya wavulana wa shule ya bweni waliochoshwa na maharage. Kila siku maharage! Mkuu wa shule ana ndevu nyingi, lakini kimo chake ni cha mtoto. Mwalimu mmoja anamwigiza Chaplin uwanjani. Usiku vijana wanapasua mito, manyoya yanajaa bweni zima, nao wanaandamana humo polepole kama wako ndotoni.

Nikataka kumjua aliyeitengeneza. Jean Vigo alizaliwa Paris mwaka 1905. Baba yake, mwandishi wa habari asiyetaka serikali yoyote, alijiita Miguel Almereyda. Agosti 1917 alikutwa gerezani Fresnes amekufa, amenyongwa kwa kamba za viatu. Wakubwa wakasema kajiua; wengi hawakuamini mpaka leo. Jean alikuwa na miaka 12. Jina la baba likawa mzigo, basi akapelekwa shule ya bweni mjini Millau kwa jina la bandia, Jean Salles. Fikiria, mtoto anaitwa darasani kwa jina lisilo lake, na yeye anaitika.

Hayo maisha ya bweni ndiyo aliyoyatia kwenye filamu. Serikali ya Ufaransa ikaipiga marufuku mwaka huohuo, na haikufunguliwa hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Vigo hakuiona siku hiyo. Kifua kikuu kilimsumbua miaka mingi, na Oktoba 1934 akafariki akiwa na miaka 29. Filamu zake zote ni nne. Ukiziunganisha hazifiki saa tatu.

Mimi kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani wiki mbili, kisa tulikataa maharage yenye wadudu. Baba hakuniuliza kilichotokea, alinichapa tu.

Mwishoni mwa filamu wavulana wanne wamepanda juu ya paa, wanawarushia wageni rasmi vitabu na viatu vikuukuu. Kipande hicho nimekirudia mara tatu. Flashi bado sijairudisha.