Nkomanile, Jumbe wa Kitanda

Katika kaburi moja kubwa pale Mahenge, hapa mjini Songea, wamelala wazee wetu walionyongwa na Wadachi tarehe 27 Februari 1906. Wengi wetu tumepita hapo tukienda sokoni, wala hatukusimama. Katika wote wale yumo mwanamke mmoja tu, naye ni Nkomanile, aliyekuwa jumbe wa Kitanda. Habari zake zafaa kujulikana na kila mwanafunzi.

Kitanda iko upande wa mashariki, katika wilaya ambayo leo ni Namtumbo. Zamani zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Nkosi Chabruma wa Mshope. Kwa Wangoni haikuwa ajabu mwanamke kupewa mji autawale, ahukumu mashauri na kusikilizwa barazani. Lakini kazi hiyo iligeuka uchungu baada ya mwaka 1897, Wadachi walipofika Songea na kujenga boma. Tangu hapo mtawala wa mji alikuwa na mabwana wawili: Nkosi wake na boma. Watu wake walitakiwa kodi kwa rupia, na rupia haioti shambani. Jumbe ndiye aliyepeleka maneno ya serikali kwa watu, na malalamiko ya watu yalimwangukia yeye kwanza.

Mwaka 1905 vita vilianza huko Umatumbi, kwa ajili ya dawa ya maji ya Kinjeketile wa Ngarambe. Wadachi walimnyonga Kinjeketile mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini wajumbe wa dawa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mmoja wao, Omari Kinjala, alikuja Ungoni akafikia Kitanda kwa Nkomanile. Alisema kwamba aliyepata maji hayo hatadhurika kwa risasi.

Nkomanile alimpokea. Angeweza kumkamata na kumpeleka bomani, akapata sifa kwa Wadachi. Hakufanya hivyo. Aliiamini dawa, na kwa njia ya mji wake habari ikafika kwa Chabruma, na baadaye kwa Nkosi Mputa wa Njelu. Tukumbuke kwamba Wangoni walikuwa watu wa vita kwa desturi, wenye kujitegemea mikuki yao. Kuwashawishi waamini dawa ya wageni hakukuwa jambo dogo. Neno la mwanamke yule lilikuwa na uzito.

Lakini maji hayakuzuia risasi. Tarehe 3 Septemba 1905 watu wa Mshope walipigwa vibaya huko Namabengo, na mwezi wa Oktoba majeshi ya Njelu yalishindwa Uwereka. Kisha Wadachi wakachoma vijiji na kuharibu vyakula, ili njaa imalize ambao risasi iliwaacha. Watoto na wazee walikufa wengi kuliko askari. Katika nchi yote iliyoingia vita hiyo, wenye elimu ya historia wanakadiria watu 250,000 hadi 300,000.

Hapo ndipo penye shida kwa mtu anayetaka kumsifu Nkomanile. Je, hakuwaongoza watu wake kwenye maangamizi? Wapo wanaosema hivyo, na mimi siwezi kuwaambia kwamba wamekosa kabisa. Mama aliyezika wanawe mwaka 1906 hakufarijiwa na sifa za ushujaa. Lakini naona pia kwamba yeye hakuwatuma wenzake kwenye hatari ili mwenyewe abaki salama. Chabruma alikimbilia nchi ya Wareno akauawa huko. Nkomanile alikamatwa, akahukumiwa kama wanaume, akapanda mahali pa kunyongea pamoja na Mputa. Wadachi wenyewe, ambao kwao mwanamke hakuwa na kura wala cheo serikalini, walimhesabu kuwa mkuu mwenye kustahili adhabu ya wakuu.

Siku nyingi jina lake lilitajwa kwa sauti ndogo nyumbani, kwa maana watu walichoka na msiba. Mwaka 1980 jumba la makumbusho lilifunguliwa karibu na kaburi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale pale Mahenge, akainama, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wadachi. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu Nkomanile azikwe hapo.