Hogarth: Mchoraji aliyewaumbua walanguzi wa hisa

WILLIAM Hogarth alizaliwa London, Uingereza, Novemba 10, 1697. Baba yake, mwalimu wa Kilatini, alifungua mgahawa wa kahawa ukafilisika, naye akafungwa katika gereza la Fleet kwa kushindwa kulipa madeni. Hivyo kijana huyo alilijua deni tangu utotoni.

Alijifunza kazi kwa fundi wa kutia nakshi vyombo vya madini ya fedha, na mwaka 1720 akaanza kujitegemea. Mwaka huo huo London ilishikwa na homa ya hisa za South Sea, kampuni iliyobeba deni la serikali huku ikiahidi faida ya biashara ya Amerika Kusini, ikiwamo ya watumwa. Biashara yenyewe ilikuwa ndogo. Hata hivyo, hisa iliyouzwa takriban pauni 130 mwezi Januari ilifikia karibu pauni 1,000 katikati ya mwaka, kwa kuwa kila mtu alinunua akitegemea kumuuzia mwingine kwa bei ya juu. Kufikia Desemba bei ilikuwa imerudi ilikoanzia, na wengi walifilisika.

Mwaka 1721 Hogarth aliichora kashfa hiyo kwenye bamba la shaba na kuichapa. Katika picha, watu wa kila tabaka wamepanda bembea ya kuzunguka isiyofika popote. Shetani anamkata Bahati vipande na kuwarushia watu nyama. Uaminifu anavunjwa mifupa, Heshima anachapwa viboko. Pembeni Biashara amelala hoi, wala hakuna anayemjali.

Hogarth mwenyewe alipata kipato kwa kuuza kazi ya mikono yake. Picha zake sita za A Harlot's Progress za mwaka 1732 ziliponakiliwa na wajanja, yeye na wenzake walilidai Bunge liwalinde. Sheria ya mwaka 1735 iliwapa haki ya kazi zao kwa miaka 14. Picha nane za A Rake's Progress, kuhusu kijana anayetapanya urithi, alizizuia hadi sheria ilipoanza kutumika. Alifariki Oktoba 1764.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha za mavuno au mtaji wa duka kufuata faida ya haraka, uliza faida hiyo inatokana na bidhaa gani. Kama inatokana tu na fedha za watakaoingia baada yako, hiyo ni bembea ya Hogarth.