Kilio cha Ujira wa Pamba

Katika katekisimu watoto wetu hufundishwa ya kuwa zipo dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanya kazi ujira wake. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo, kisha tukayaacha darasani. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maana yake kwa maisha ya mtu mmoja wa Rufiji. Mtu huyo hakuwa Mkristu, lakini habari zake zaonyesha kwamba kilio hicho husikika hata hapa duniani.

Jina lake Kinjikitile Ngwale, naye alikaa Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Siku zile nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Tangu mwaka 1902 gavana Götzen aliamuru watu wa pwani walime mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida. Kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na kiboko kilimngoja mwenye kulegea. Pamba ilihitaji mikono wakati ule ule ambapo shamba la chakula lilihitaji kulimwa. Msimu wa kwanza ulipokwisha, katika wilaya ya Dar es Salaam kila mlimaji alipewa kiasi cha senti 35, na wengi wakakataa kuzipokea. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa rupia 3. Tuwaelewe vema waliozikataa senti zile. Uchache wa fedha ulikuwa neno moja. Neno la pili, lililo zito kuliko la kwanza, ni kwamba ujira ule uliwaambia kuwa jasho lao halikuwa kitu.

Mwaka 1904 habari za Kinjikitile zilianza kuenea. Watu walisimulia kwamba alizama katika kidimbwi cha maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, naye amepagawa na pepo aitwaye Hongo. Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo na wengine wengi walimiminika Ngarambe kuchukua dawa yake ya maji, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Sisi hatuwezi kuisifu dawa hiyo. Haikuwa kweli, na maelfu waliipa roho zao. Lakini twajiuliza: kwa nini watu wazima, wenye akili na watoto wa kulea, walisafiri mwendo wa siku nyingi kumfuata mtu wa kijijini? Kwa sababu Ngarambe waliitwa watu, na shambani walihesabiwa mikono tu. Mahali pale kabila na kabila walikutana kama ndugu, na kila mmoja akajiona ana thamani.

Yasemekana Kinjikitile aliwaagiza wangoje mpaka atakapotoa amri. Wamatumbi hawakuweza kungoja. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, waling'oa mashina machache ya pamba, na hiyo ikawa tangazo la vita. Kinjikitile alikamatwa, akapelekwa Mohoro, chini ya delta ya Rufiji, akanyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Majimaji havikufa pamoja naye. Siku 10 baadaye Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, ingawa hawakuwa wamemdhulumu mtu ujira wake. Ndivyo dhuluma ilivyo: moto wake hauchagui nyumba ya kuteketeza. Serikali nayo ilichoma vijiji na ghala, njaa ikaingia, na waliokufa hawakupungua makumi ya elfu. Baada ya damu hiyo yote, kilimo kile cha shuruti kiliachwa.

Waliotawala hawakukosa mwalimu. Mwaka 1891, miaka 11 kabla ya amri ile ya pamba, Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kuuandikia ulimwengu katika waraka wake Rerum Novarum, akifundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kuchumia mali, na kwamba ujira wapasa kumtosha mfanya kazi kuishi. Mafundisho hayo yalikuwapo. Masikio ndiyo yaliyokosekana.

Je, masikio yetu yapo? Leo barabara iendayo Lindi hupita Kibiti kabla ya kuuvuka Rufiji, na upande wa mashariki mto hujigawa katika mikono mingi kati ya mikoko hadi baharini. Huko wako watu wasimamao katika matope kuvua kamba, na wengine huokota korosho na kuvuna ufuta katika mashamba yasiyo yao. Katika nyumba zetu wenyewe, mijini na vijijini, yuko binti apikaye na kufua, ambaye mshahara wake huahirishwa mwezi hadi mwezi kwa kuwa hana mtu wa kumsemea. Sisi twaenda Misa, naye twamwacha akilinda nyumba. Tusiwalaumu watawala wa kale huku senti 35 zingali mkononi mwetu.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa mambo ya vita vile. Lilikuwa jambo jema, lakini miaka 118 ilikuwa imepita, na wale waliolima pamba hawakuwapo kulisikia. Sheria ya Musa ilimwamuru mwajiri amlipe kibarua maskini siku ile ile, kabla jua halijatua. Basi jioni ya leo, kabla ya kupiga magoti kwa sala ya usiku, kila baba na mama wa nyumba ya Kikristu ajiulize ni nani anayemdai, amwite kwa jina lake, amlipe.