Burkitt: Daktari wa Mulago aliyeusadikisha ulimwengu juu ya makapi ya chakula

MWAMBAO wa kusini mwa Kenya, kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani na Tanzania, umeona chakula kikibadilika katika umri wa mtu mmoja. Mihogo, kunde, mchicha na maembe bado vipo, lakini mkate mweupe, mandazi, chapati na sima ya unga uliokobolewa vimejitwalia nafasi kubwa. Aliyeufanya ulimwengu ujiulize mabadiliko ya aina hiyo huyatenda nini matumbo ya watu ni mpasuaji aliyefanya kazi nchi jirani ya Uganda, Dkt Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Babake alikuwa mhandisi aliyetumia muda wake wa ziada kuchora ramani za makazi ya ndege, na huenda mwana alirithi tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi kabla ya kuuliza ni kitu gani. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja. Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, akayaacha na kusomea udaktari.

Baada ya vita vikuu vya pili, alivyovitumikia kama daktari wa jeshi, aliajiriwa Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Huko ndiko alikoonyeshwa, mwaka 1957, mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa mataya, naye akaanza kuufuatilia ugonjwa huo wilaya hadi wilaya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimewahi kuuona. Ramani iliyopatikana ilifuata maeneo ya joto, mvua na malaria, na mwambao wa Kenya ulikuwa mojawapo. Saratani hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Hilo pekee lingemtosha mtu. Lakini baada ya kurejea Uingereza katika miaka ya 1960, Burkitt alikutana na maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyeshikilia kwamba sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt alikumbuka kuwa katika miaka yake yote ya upasuaji Afrika alikutana kwa nadra na magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza. Akaanza tena kutuma barua kwa hospitali za misheni. Safari hii hakuuangalia sana unga wenyewe bali kile kilichoondolewa kinuni: makapi, yaani nyuzinyuzi za chakula ambazo utumbo hauwezi kuzimeng'enya.

Alilolifanya baadaye lilichekesha wengi. Alipima kinyesi. Watu walimezeshwa chembe ndogo zinazoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikapimwa uzito na kuhesabiwa saa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 pamoja na Alec Walker na Neil Painter yalionyesha kuwa wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Wakosoaji walisema, tena kwa haki, kwamba watu hao walitofautiana kwa mengi zaidi ya chakula. Hata hivyo, kuhusu kufunga choo kwa kawaida Burkitt hakukosea: nyuzinyuzi na maji huongeza uzito wa choo na kukilainisha.

Tatizo lilizuka pale wafuasi wa fikra hiyo walipoifanya dawa ya kila tumbo. Katika miaka ya 1970 pumba za ngano zilianza kupewa pia wagonjwa wa IBS, yaani watu ambao utumbo wao huuma mara kwa mara, wakafunga choo au kuharisha, ilhali vipimo havionyeshi kidonda chochote.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka uliofuata, madaktari Francis na Whorwell wa Manchester walichapisha habari za wagonjwa wao wa IBS waliokula pumba: asilimia 55 walizidiwa na asilimia 10 tu ndio waliopata nafuu. Mwaka 2009 utafiti wa Uholanzi uliwagawa wagonjwa 275 katika makundi matatu kwa wiki 12. Waliopewa maganda ya mbegu za isapgoli walipata nafuu kuliko waliopewa unga wa mchele usio na dawa. Pumba hazikuonyesha faida ya kuaminika, na wengi waliozila walijitoa mapema kwa kuzidiwa.

Sababu inaeleweka. Isapgoli huvuta maji na kuwa ute unaolainisha choo bila kuzalisha gesi nyingi kwa ghafla. Pumba haziyeyuki; hukwaruza utumbo ambao tayari unaumia upesi. Kunde na maharagwe nazo, licha ya uzuri wake, zina sukari ambazo vijidudu vya utumbo huzigeuza gesi. Ndiyo maana jirani wawili wa Vanga wanaweza kula chungu kimoja cha kunde, mmoja akapata choo kizuri na mwenzake akakesha akijishika tumbo.

Kwa mwenye IBS anayefunga choo, madaktari sasa hushauri aanze na nyuzinyuzi za kuyeyuka kwa kiasi kidogo, aongeze polepole kwa wiki kadhaa na anywe maji ya kutosha. Anayeona damu chooni, anayekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika akiwa amepita umri wa miaka 50, aende hospitali kupimwa kabla ya kugusa chakula chake.