Joginder Singh: Mekanisiye aliyeshinda na gari la mtumba

Huku kwetu, toka Sake mpaka Walikale na kuingia pori la Bisie, matope ndiyo mwalimu wa moteri. Mwenye moto anajua, mwenye kamio naye anajua: mashini ya mtumba si kosa, yote inategemea mkono ulioifungua. Leo basi tumkumbuke mzee mmoja wa Kenya aliyeonyesha jambo hilo mbele ya dunia nzima.

Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 Kericho, pande za mashamba ya chai, kwenye familia ya Wahindi wa dini ya Sikh. Baba yake, Battan Singh, alikuwa na garaji, na kijana alianzia pale pale, kushika spana na kuoga mafuta machafu. Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akizunguka barabarani kuwasaidia walioharibikiwa. Kazi hiyo ilimfundisha kitu kimoja: gari hufia wapi, na kwa nini.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua. Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta magari yake ya PV544 toka Sweden. Ushindi ulikwenda kwa Ford ya Peter Hughes. Volvo moja kati ya zile Joginder akainunua, imeshachoka hivyo, akaitengeneza upya yeye mwenyewe.

Mekanisiye wanaosoma hapa wataelewa uzito wake. Kufufua moteri ya mashindano si kubadilisha bujie na kupaka rangi. Unainua kichwa cha moteri, unakwangua moshi ulioganda, unasaga supapu mpaka zikae sawasawa kwenye viti vyake, maana pakivuja kidogo tu nguvu inakimbia. Zile njia ambamo hewa na esansi vinapita, zikisuguliwa vizuri, moteri inapumua. Pistoni na segma unazipima moja moja. Volvo ile ilikuwa na moteri ya B18, lita 1.8, silinda nne, na mti wake wa kati umeshikwa sehemu tano. Hapo ndipo ugumu wake ulipokuwa: hata ukiizungusha kwa nguvu siku nzima, mti haupindi upesi. Lakini ugumu wa kiwanda peke yake haukutosha mwaka 1964, tuseme ukweli.

Pasaka ya 1965 Joginder akaingia na mdogo wake Jaswant. Gari lile lile la mtumba likarudi Nairobi la kwanza, likimwacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kenya ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru, na watu barabarani wakaanza kumwita Simba.

Alishinda tena mwaka 1974, halafu 1976, safari hizi na Mitsubishi Lancer, na David Doig akimsomea njia. Alikuwa wa kwanza kushinda mara tatu.

Alifariki London mwaka 2013. Aliingia Safari mara 22. Mara 19 alifika mwisho, na gari likiwa linatembea.